Jumapili Moja Mexico City

Ndugu msomaji, mahali ninapofanya kazi pana kalenda ya ukutani, zawadi ya muuza vipuri mmoja, ambayo kila kisanduku cha tarehe kimeandikiwa tukio moja la michezo lililotokea siku kama hiyo katika mwaka fulani. Hapo chini yake ndipo tunaponywea chai, na ndipo yanapozuka mabishano. Kisanduku cha tarehe 2 Februari kinamtaja Filbert Bayi, aliyekimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 mjini Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, akaivunja rekodi ya dunia. Siku hiyo ilipowadia, fundi mmoja alitulipia chai sote. Ilipofika tarehe 20 Oktoba tulikuta maneno machache tu: "1968, Fosbury, kuruka juu, mita 2.24." Mzee wetu wa stoo aliyasoma mara mbili, akavua miwani, akauliza: "Na Akhwari je? Si siku hii hii?" Vijana wakatazamana. Mmoja wao, kijana hodari wa kazi na mpenzi mkubwa wa mpira, akauliza kwa adabu: "Shikamoo mzee, huyo Akhwari ndiye nani?"

Kisanduku cha kalenda ni kidogo, nami simlaumu sana aliyekijaza. Tarehe moja ya mwaka hubeba mizigo mingi. Tarehe hiyo hiyo ya 20 Oktoba, mwaka 1982, katika uwanja wa Luzhniki mjini Moscow, watazamaji wa mpira walikanyagana ngazini wakati mchezo wa Spartak Moscow na Haarlem ya Uholanzi ulipokuwa ukimalizika. Hesabu rasmi ilitaja watu 66 waliopoteza maisha, wengi wao vijana, na ilipita miaka kadhaa kabla wananchi wa huko hawajaelezwa kwa uwazi yaliyotokea. Hilo nalo halimo katika kalenda yetu, na labda yafaa lisiwemo, kwani ni nani atakayeweza kunywa chai yake akilitazama? Lakini swali la mzee wa stoo lilihusu mtu aliyemaliza mbio zake, tena mtu wa kwetu, na swali la kijana ndilo lililonikosesha usingizi. Kwa hiyo nakuomba tufunge safari, mimi na wewe, safari ya kalamu isiyo na nauli, hadi Mexico City, tukautazame uwanja ambao Jumapili ile ya tarehe 20 Oktoba 1968 ulishuhudia mambo mengi kuliko yawezavyo kuandikwa katika kisanduku.

Jambo la kwanza litakalokusalimu utakapofika ni pumzi yako mwenyewe. Jiji hili limekaa katika bonde lililo juu sana, yapata mita 2,240 kutoka usawa wa bahari. Nairobi, ambayo sisi watu wa pwani tunaiita mji wa baridi, iko kwenye mita 1,700 hivi. Mtu wa Tanga au Dar es Salaam aliyezoea hewa nzito ya bahari atapanda ngazi za ghorofa mbili tu, kisha asimame ameshika ukuta, akijiuliza ni uzee au ni nini. Michezo ya Olimpiki ilipopewa jiji hili, wataalamu wengi walinung'unika. Na kweli, hewa nyepesi iliwapendelea wa mbio fupi na wa kuruka: tarehe 18 Oktoba Bob Beamon wa Marekani aliruka chini umbali wa mita 8.90, na rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 1991. Wa mbio ndefu, kwa upande wao, waliadhibiwa, isipokuwa wale waliozaliwa na kukulia milimani.

Tuanzie katikati ya jiji, kwenye uwanja mpana waitwao Zócalo, maana marathoni ya siku ile ilianzia hapo. Upande mmoja pana kanisa kuu la kale, upande mwingine ikulu ya taifa. Utazame ukuta wa kanisa kwa makini utaona umeinama kidogo. Jiji zima limejengwa juu ya ziwa lililokaushwa, na ardhi yake ingali ikididimia. Chini ya mawe haya ulikuwapo mji wa Tenochtitlan, makao makuu ya Waazteki, uliobomolewa na Wahispania mwaka 1521. Mwaka 1978 mafundi wa umeme waliokuwa wakichimba karibu na kanisa waligonga jiwe kubwa la mviringo lililochongwa sanamu ya mungu wa kike, na kutoka hapo likafukuliwa hekalu kuu ambalo leo waweza kulitembelea kwa miguu. Wakimbiaji 75 waliopanga mstari hapa saa 9 alasiri, miaka kumi kabla ya hapo, walikuwa wamesimama jirani na hekalu hilo bila kujua.

Kabla hatujaelekea kusini ulipo uwanja wa michezo, hapana budi tugeuke kaskazini kidogo, mahali paitwapo Tlatelolco. Hapa pia pana uwanja, uliozungukwa na magofu ya Kiazteki, kanisa la Wahispania na majengo marefu ya makazi. Tarehe 2 Oktoba 1968, siku kumi tu kabla ya Olimpiki kufunguliwa, wanafunzi na wananchi waliokusanyika hapa kudai haki zao walipigwa risasi na majeshi ya serikali. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Mwaka 1993 lilisimamishwa hapo jiwe la kumbukumbu lenye majina ya baadhi yao. Nakuleta hapa, ndugu msomaji, kwa sababu uwanja tunaokwenda kuuona ni mali ya chuo kikuu, yaani ni uwanja wa wanafunzi wenyewe, na mwezi Septemba wa mwaka ule jeshi lilikuwa limeikalia ardhi ya chuo hicho kwa siku kadhaa. Wageni walipoketi majukwaani na kupiga makofi, wengi wao hawakuyajua hayo. Wenyeji waliyajua.

Basi na tupande basi. Barabara ya Insurgentes inalikata jiji kutoka kaskazini hadi kusini kwa karibu kilomita 29, na katikati yake hupita mabasi marefu yenye njia yao wenyewe na vituo vyao, mfano wa mwendokasi wa Dar es Salaam. Nayo, kama ya kwetu, hujaa asubuhi mpaka mlango haufungiki. Utapita maduka, hoteli, miti ya barabarani, kisha kidogo kidogo utaanza kuona mawe meusi yenye matundu matundu. Hayo ni mawe ya volkano iitwayo Xitle, iliyomwaga moto wake huku kusini karne nyingi zilizopita na kuifunika nchi yote. Juu ya mawe hayo ndipo kilipojengwa chuo kikuu, na kwa mawe hayo hayo ukajengwa Uwanja wa Olimpiki wa Chuo, uliofunguliwa mwaka 1952.

Watu waliozoea viwanja vya saruji na vyuma watashangaa. Uwanja huu haukujiinua juu kwa majivuno. Sehemu kubwa yake imechimbwa chini, na ukuta wake wa nje umelala kimshazari kama ubavu wa kilima, hata ukiutazama kwa mbali utadhani ni mlima mdogo uliokatwa kichwa. Upande wa mbele pana kazi ya mchoraji mashuhuri wa nchi hiyo, Diego Rivera, ambaye badala ya rangi alitumia mawe ya rangi mbalimbali: baba na mama wanampa mtoto njiwa, na wanamichezo wawili wanawasha mwenge. Rivera alikusudia kuupamba uwanja mzima pande zote. Ilikamilika sehemu hiyo moja, naye akafariki mwaka 1957. Mimi naona hasara haikuwa kubwa, kwani jiwe tupu la pande nyingine lina uzuri wake.

Sasa keti nami jukwaani, alasiri ya Jumapili ile. Kwa jirani zetu wa Kenya tarehe 20 Oktoba ilikuwa tayari ni siku kuu. Ni usiku wa tarehe hiyo, mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari na kuanza kuwakamata Jomo Kenyatta na wenzake. Siku hiyo iliitwa Sikukuu ya Kenyatta, na tangu katiba ya mwaka 2010 inaitwa Siku ya Mashujaa. Mstarini pamesimama Kipchoge Keino, askari polisi kutoka milima ya Nandi. Wiki nzima alikuwa akiugua tumbo kwa maumivu ya mfuko wa nyongo. Katika mbio za mita 10,000 alianguka kando ya njia ikiwa imebaki mizunguko michache. Siku nne baadaye alipata medali ya fedha katika mita 5,000. Madaktari walimkataza kukimbia tena. Husimuliwa kwamba siku ya fainali basi lake lilinaswa katika msongamano wa magari, akashuka, akaumaliza mwendo uliobaki kwa kukimbia. Ukiwa umetoka sasa hivi katika basi la Insurgentes, sidhani kama utapata taabu kuliamini hilo.

Mpinzani wake alikuwa Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia, kijana aliyekuwa na kasi ya ajabu katika mita mia mbili za mwisho. Wakenya walijua kwamba wakimwachia mwisho wa mbio, wamekwisha. Ben Jipcho akatoka mbele kama anayekimbia mzunguko mmoja tu, akaumaliza kwa sekunde 56 hivi, jambo ambalo katika hewa ile lilionekana ni wazimu. Kisha Keino akaupokea uongozi na hakutazama nyuma. Ryun alianza kufukuza, lakini pengo lilikuwa kubwa mno. Keino alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 34.91, akimwacha Ryun kwa karibu sekunde 3, na rekodi hiyo ya Olimpiki ilidumu hadi mwaka 1984. Jipcho aliyeuvunja moyo wa mbio zile hakupata medali yoyote. Mimi ningeambiwa nichague tukio moja la siku ile ningechagua hili, na jina la Jipcho ningelitia ndani yake.

Alasiri hiyo hiyo zilikuwapo mbio za kupokezana vijiti. Wanawake wa Marekani walishinda mita 100 mara nne kwa rekodi ya dunia. Mmoja wao, Wyomia Tyus, aliyekuwa mtu wa kwanza kutetea ubingwa wa Olimpiki wa mita 100, aliitoa medali yake kwa heshima ya Tommie Smith na John Carlos, waliofukuzwa kwenye michezo kwa kuinua ngumi zao jukwaani tarehe 16 Oktoba. Katika mita 400 mara nne Kenya ilipata medali ya fedha nyuma ya Marekani, na hivyo ikamaliza Olimpiki ile ikiwa na medali 9.

Upande mwingine wa uwanja, hewani, lilikuwa likiendelea jambo la kuchekesha. Dick Fosbury, mwanafunzi wa uhandisi kutoka Oregon, alikuwa akiruka juu kinyumenyume. Dunia nzima ilikuwa ikiruka kwa kulitanda ufito kifudifudi. Yeye alikimbia kwa kupinda, akageuza mgongo, akaupita ufito kichwa mbele na uso ukitazama mawingu, akaangukia mabega. Zamani, watu walipokuwa wakiangukia mchanga, mrukaji wa namna hiyo angevunjika shingo. Ujio wa magodoro mazito laini ndio uliomruhusu. Alipita mita 2.24 katika jaribio lake la tatu na la mwisho, ikawa rekodi ya Olimpiki. Watu walikuwa wamezama katika kumtazama hata mkimbiaji wa kwanza wa marathoni alipoingia uwanjani. Leo karibu kila mrukaji, hata mtoto wa sekondari anayefuzu mashindano ya mkoa, huruka kwa mtindo wake. Kwa hiyo mwenye kalenda hakukosea kumwandika.

Mkimbiaji huyo wa kwanza alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia, mwenye miaka 36. Mwenzake Abebe Bikila, bingwa wa Roma mwaka 1960 na wa Tokyo mwaka 1964, alikuwa ameshindwa na mguu wake mbovu na kujitoa baada ya kilomita 17 hivi. Wolde akauchukua mzigo wa taifa lake, akamaliza kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26.4, zaidi ya dakika tatu mbele ya Mjapani Kenji Kimihara. Ilikuwa saa 11 na dakika 20 jioni. Baada yao waliingia wengine mmoja mmoja, wengine wakipepesuka, wengine wakianguka mara tu walipovuka mstari. Kati ya 75 walioanza Zócalo, 18 hawakufika.

Jioni ikaingia. Watu wakaanza kukusanya vitu vyao na kuteremka ngazi kuelekea nje, kwenye mabasi. Wakabaki elfu chache tu katika uwanja ule mkubwa. Ndipo habari ilipofika kwamba yuko mmoja bado njiani.

Alikuwa John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, aliyevaa namba kwa niaba ya Tanzania. Kwenye kilomita ya 19 hivi, wakimbiaji walipokuwa wakisukumana kugombea nafasi, aliangushwa. Goti lilichanika na kuteguka, bega likagonga barabara ngumu. Zilikuwa zimebaki kilomita 23. Nakuomba ulipime jambo hili kwa miguu yako mwenyewe: ni kama kutembea kutoka Posta hadi nje kabisa ya Dar es Salaam, goti likiwa limefungwa bandeji na kila hatua ikiliamsha jeraha, katika hewa isiyotosha kifua, huku magari ya waandalizi yakipita kando na mlango wa gari la kumchukua ukiwa wazi kwake. Aliingia uwanjani akichechemea, akikimbia hatua chache, akitembea, akikimbia tena. Waliobaki majukwaani wakasimama. Akauzunguka uwanja, akavuka mstari, saa 3, dakika 25 na sekunde 27 tangu alipoondoka Zócalo, akiwa wa 57 na wa mwisho.

Alipoulizwa kwa nini hakujitoa, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mwendo wote ule kwenda kuanza mbio, ilimtuma akazimalize. Jibu hilo limezunguka dunia kuliko medali nyingi za siku ile. Watu hupenda kumsimulia kama mtu wa kuhurumiwa, na hapo ndipo ninapokataa. Akhwari alikuwa mkimbiaji wa daraja la juu: mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alimaliza marathoni akiwa wa tano, kwa muda wa saa 2 na dakika 15 hivi. Siku ile ya Meksiko hakwenda kushiriki tu. Alikwenda kushindana, akaumizwa. Mwaka 1983 taifa lilimpa nishani ya ushujaa, na mwaka 2008, Mwenge wa Olimpiki ulipopita Dar es Salaam ukielekea Beijing, yeye alikuwa miongoni mwa walioubeba.

Hayo yote nilimweleza yule kijana siku iliyofuata, wakati wa chai. Alisikiliza mpaka mwisho, bilauri mkononi. Kisha akachukua kalamu ya risasi, akaiendea kalenda, na kabla hajaandika akageuka kuniuliza wakati wa kule na wa huku unapishana kwa saa ngapi. Nikamwambia saa tisa. Akahesabu kwa vidole. Marathoni ilianza saa 9 alasiri. Akhwari alimaliza saa 12 na dakika 25 jioni. Ongeza saa tisa. Hapa kwetu ilikuwa saa 9 na dakika 25 za usiku, kuamkia Jumatatu, tarehe 21 Oktoba.

"Sasa mzee," akamwambia mzee wa stoo, "tumwandike tarehe ipi?"

Mzee wa stoo alivaa miwani yake, akasogea karibu na ukuta, akakitazama kisanduku cha ishirini kilichojaa maneno ya Fosbury, kisha cha ishirini na moja, ambacho kilikuwa na nafasi kidogo pembeni. "Anzia hapa," akasema, akiweka kidole kwenye cha kwanza, "umalizie pale."